Maswali ya Wasomaji: Jedwali la Takwimu Linapofunguka Vibaya

Barua zilizotufikia safari hii kutoka Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe zinafanana kwa jambo moja: waandishi wake walipakua faili la takwimu lililokuwa sahihi, wakalifungua kwa namna iliyozoeleka, na walichokiona kwenye kioo hakikuwa kile kilichomo ndani ya faili. Tumezijibu pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa na mwingine. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye programu zenyewe, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu wanatumia kompyuta zenye menyu za Kiingereza.

Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha msingi cha wakulima wa kahawa wilayani Mbozi. Nilipakua orodha ya wanachama kutoka kwenye mfumo wetu wa usajili, ikaja kama faili la CSV. Nilipoifungua kwa Excel, namba za simu zilikuwa zimepoteza sifuri ya mwanzo, na namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, zimegeuka kuwa kitu kama 1.98704E+19. Nikabadilisha safu hiyo ionyeshe namba kamili, zikaonekana, lakini zote zinaishia na sifuri tano. Je, mfumo umeharibika?

Ndugu Katibu, mfumo haujaharibika, na faili ulilopakua bado lina kila kitu, ilimradi hukubonyeza kitufe cha kuhifadhi baada ya kulifungua. Kama ulihifadhi juu ya faili lilelile, tarakimu zilizopotea hazirudi tena, na itakubidi upakue upya. Kama hukuhifadhi, lifunge, na programu ikikuuliza kama uhifadhi mabadiliko, jibu hapana.

Faili la CSV ni maandishi matupu. Ukilifungua kwa Notepad utaona kila mwanachama ana mstari wake, na taarifa moja inatengwa na nyingine kwa alama ya mkato. Hakuna mahali ndani yake palipoandikwa kwamba safu hii ni ya simu, ile ni ya kilo za kahawa na nyingine ni ya vitambulisho. Unapolibonyeza mara mbili, Excel inakisia yenyewe: inachokiona kina tarakimu tupu, inakihesabu kuwa namba ya kufanyia hesabu. Namba ya hesabu haina haja ya sifuri ya mbele, kwa hiyo inaiondoa. Tena Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, na zinazozidi hapo huzigeuza kuwa sifuri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ndiyo maana umeona sifuri tano, si nne wala sita.

Hasara yake si ya sura tu. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, na zile za mwishoni ndizo zinazosaidia kumtofautisha mtu na mwenzake. Zikishafutwa, wanachama wawili waliozaliwa siku moja na ambao namba zao zinafanana hadi tarakimu ya 15 watakuwa na namba moja kwenye orodha yako, na mtu akija baadaye kuondoa waliojirudia, mmoja wao atafutwa na malipo yake ya kahawa yatakuwa na maswali. Hapo ndipo tunapowaomba makatibu wa vyama wasilichukulie jambo hili kijuujuu.

Tutofautishe hapa mambo mawili yanayofanana machoni. Namba ya simu iliyoandikwa kwa kuanza na 255 ina tarakimu 12, nayo huonekana kama 2.55754E+11. Hiyo haijaharibika, ni maonyesho tu, na ukibadilisha muundo wa safu itarudi kamili. Namba ya NIDA iliyoandikwa kwa vistari katikati nayo iko salama, kwa sababu vistari vinaifanya Excel iione kuwa maandishi. Inayopotea kabisa ni ile ya tarakimu 20 zilizofuatana bila kistari.

Njia sahihi ni kuliingiza faili, si kulibonyeza. Fungua Excel ikiwa na ukurasa mtupu, nenda kwenye menyu ya Data, chagua From Text/CSV, kisha onyesha faili lako. Dirisha la onyesho la awali likitokea, usikimbilie kubonyeza Load, bali bonyeza Transform Data. Kwenye dirisha linalofuata, bofya kichwa cha safu ya simu na ubadilishe aina yake iwe Text, halafu ufanye hivyo hivyo kwa safu ya NIDA. Programu itakuuliza kama unataka kubadili hatua iliyopo au kuongeza hatua mpya. Chagua Replace current. Wengi hukosea hapa: ukichagua kuongeza hatua, Excel itakuwa imekwisha kuigeuza namba kuwa ya hesabu kwanza, na kuigeuza kuwa maandishi baadaye ni sawa na kuufunga mlango wa zizi wakati ng'ombe wamekwisha toka. Ukimaliza, bonyeza Close & Load, na uhifadhi kazi yako kama XLSX, muundo wa Excel yenyewe, kwa sababu CSV haikumbuki aina ya safu, na ukiirudisha huko utaanza upya.

Kwenye Excel za zamani, kama ya mwaka 2010, njia ni From Text, na katika hatua ya tatu ya maelekezo yake ndipo unapochagua safu na kuweka Text. Anayetumia LibreOffice Calc, ambayo haina gharama na ambayo sisi tunaipendelea kwa kazi hii, ana nafuu kubwa: ukifungua CSV, dirisha la kuuliza maswali linakuja lenyewe kabla jedwali halijaonekana, nawe unabofya kichwa cha safu na kuchagua Text papo hapo. Kwenye Google Sheets, pitia File kisha Import, na uondoe tiki kwenye kile kisanduku kinachosema maandishi yageuzwe kuwa namba, tarehe na fomula. Matoleo mapya ya Excel yana mpangilio, ndani ya Options upande wa Data, unaozima tabia hii ya kukisia, lakini ofisi nyingi za vyama hazina matoleo hayo, na hata mwenye nalo hawezi kujua kama mwenzake aliyemtumia faili ameuzima.

Natunza kumbukumbu za kituo cha kukusanyia maziwa Njombe. Tarehe za faili nililopakua zimechanganyikana: nyingine ziko kulia mwa kisanduku, nyingine kushoto, na maziwa ya Novemba yanatokea mwezi Machi. Naomba msaada.

Dalili uliyoitaja ya kulia na kushoto inatosha kabisa kuutambua ugonjwa. Kompyuta yako imewekwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Tarehe 03/11/2024, ambayo kwako ni tatu Novemba, kompyuta imeisoma kuwa Machi 11, ikaipanga kulia kama inavyopanga namba zote. Tarehe 25/11/2024 haikuweza kuisoma, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, ikaiacha kuwa maandishi na kuipanga kushoto. Kwa maneno mengine, siku 12 za kwanza za kila mwezi ndizo zilizopotoshwa, na hizo za kushoto zinazoonekana mbovu ndizo zilizobaki kama zilivyoandikwa.

Usizirekebishe moja moja kwa mkono. Badilisha mipangilio ya eneo kwenye Windows, chini ya Region, uchague muundo unaoanza na siku, kisha ulifungue upya faili la asili. Kama kompyuta si yako na huruhusiwi kugusa mipangilio, ingiza faili kwa njia tuliyomweleza Ndugu Katibu na uiambie programu kwamba safu hiyo inakwenda kwa siku, mwezi na mwaka: katika LibreOffice chaguo hilo linaitwa Date (DMY). Na kama wewe ndiwe unayeandaa faili la kuwapa wengine, andika mwaka kwanza, 2024-11-03. Mwandiko huo hauna utata hata kwenye kompyuta ya Marekani.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo mjini Iringa. Faili la utafiti wa mifugo alilonitumia mwenzangu linafunguka likiwa limerundikana lote katika safu ya kwanza, likiwa na nuktamkato kila mahali. Pia neno ng'ombe linasomeka ngâ€™ombe. Yeye anasema kwake liko sawa.

Mwenzako anasema kweli. Ingawa jina la CSV linatokana na mkato, zipo nchi, hasa za bara la Ulaya, ambazo mkato unatumika kutenganisha namba nzima na sehemu yake ya desimali: lita mbili na nusu huandikwa 2,5. Kompyuta zenye desturi hiyo haziwezi kutumia mkato kwa kazi mbili, kwa hiyo zinatenganisha safu kwa nuktamkato. Excel ya kwako inasubiri mkato, haiuoni mahali inapoutazamia, na inauweka mstari mzima katika kisanduku kimoja. Liingize faili kwa From Text/CSV na katika onyesho la awali uchague Semicolon kuwa kitenganishi. Usiridhike safu zikishajipanga. Tazama namba zenye desimali, kwa sababu 2,5 inaweza kubaki maandishi ambayo hayajumlishiki, au ikageuka 25, na ng'ombe wa lita mbili na nusu akawa wa lita 25.

Kuhusu ngâ€™ombe, kosa liko kwenye usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyozihifadhi herufi kwa namba. Alama ya ritifaa ikiandikwa kwa ile alama inayopinda, ambayo Word na simu nyingi huiweka zenyewe, katika mfumo wa UTF-8 huhifadhiwa kwa baiti tatu. Programu ikilisoma faili kwa mfumo wa zamani wa Windows, kila baiti inakuwa herufi yake, na ndizo hizo â, € na ™ unazoziona. Katika dirisha lilelile la kuingizia, kwenye File Origin, chagua 65001: Unicode (UTF-8). Kwa bahati, herufi za Kiswahili karibu zote ni salama katika mifumo yote miwili, na ndiyo sababu kosa hili hujificha mpaka litokee neno kama ng'ombe au ng'ambo. Ukitafuta idadi ya ng'ombe kwenye jedwali hilo kabla ya kulisafisha, utapata jibu la sifuri, na hakuna onyo lolote litakalotokea.

Mimi ni afisa ugani, eneo la Uyole. Nilipakua takwimu za mvua za kila siku za NASA POWER, mradi wa shirika la anga la Marekani. Mwanzoni mwa faili kuna maelezo marefu yanayovuruga jedwali, na nilipojumlisha mvua ya mwezi wa karibuni nikapata jibu hasi. Mvua inawezaje kuwa hasi?

Haiwezi, na tunakupongeza kwa kulishangaa jibu badala ya kulinakili. Mradi huo wa NASA hutoa takwimu za mvua za kila siku kuanzia mwaka 1981, bila malipo, na faili lake la CSV huanza na maelezo yaliyofungwa kati ya maneno -BEGIN HEADER- na -END HEADER-. Watu huyafuta ili jedwali likae vizuri. Ungeyasoma kwanza, ungekuta humo imeandikwa kwamba thamani inayokosekana inawakilishwa na -999. Siku ambazo takwimu zake bado hazijapatikana, hasa za mwishoni mwa faili, zinabeba namba hiyo, na Excel haina namna ya kujua kuwa si milimita. Siku moja tu yenye -999 inatosha kuufuta mwezi mzima wa masika.

Dawa yake ni kutafuta -999 na kubadilisha kuwa kisanduku kitupu, kamwe si kuwa 0. Sifuri ni tamko kwamba siku hiyo mvua haikunyesha, ilhali ukweli ni kwamba hakuna kipimo, na wastani utakaoupata utawaambia wakulima wako kwamba kulikuwa na kiangazi ambacho hakikuwapo. Kuhusu yale maelezo ya juu, usiyafute: katika LibreOffice andika namba ya mstari ambao jedwali linaanzia, na katika Excel tumia Remove Top Rows ndani ya Transform Data. Faili la asili libaki na maelezo yake.

Mawili zaidi kabla hujatumia takwimu hizo. Kwanza, hakikisha ulipoombwa latitudo uliweka alama ya kutoa mbele ya 8.9, kwa kuwa Mbeya iko kusini mwa ikweta. Ukiisahau, utapewa mvua ya Sudan Kusini, nayo itakuja ikiwa safi, bila kosa lolote la kuonekana, isipokuwa kwamba miezi ya mvua itakuwa ile ambayo kwetu ni ya kiangazi. Pili, namba hizo zinatokana na setilaiti na hesabu za modeli zinazogawa dunia katika visanduku vyenye upana wa makumi ya kilomita. Tukuyu hupata mvua nyingi mno kuliko Mbeya mjini, na mlima Rungwe uko katikati, jambo ambalo kisanduku kikubwa kiasi hicho hakiwezi kulionyesha vizuri. Kipimamvua cha kituo kilicho jirani yako, kama kipo na kinasomwa, kiaminiwe kwanza.

Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari wilayani Rungwe. Nililinganisha majedwali ya Sensa ya 2012 na ya 2022, nikaona Mkoa wa Mbeya umepungua kutoka watu 2,707,410 hadi 2,343,754. Wanafunzi wameuliza watu wamekwenda wapi. Je, nilipakua faili lisilo sahihi?

Mwalimu, mafaili yako yote mawili ni sahihi, na watu hawajakwenda popote. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, kwa hiyo jedwali la 2012 linahesabu Mbozi, Momba, Ileje na Tunduma ndani ya Mbeya, na la 2022 haliwahesabu. Ukiongeza watu 1,344,687 wa Songwe kwenye wale wa Mbeya ya sasa, unapata 3,688,441, na hapo ndipo unapoona ongezeko la kweli la miaka kumi. Njombe haileti shida hiyo katika sensa hizo mbili kwa kuwa ilitenganishwa na Iringa mapema mwaka 2012, kabla ya sensa ya Agosti, lakini ukirudi nyuma hadi sensa ya 2002 utakutana nayo.

Umeuliza pia, katika sehemu ya barua tuliyoifupisha, namna ya kulitoa jedwali lililomo ndani ya PDF. Matoleo ya Excel ya Microsoft 365 kwenye Windows yana From PDF chini ya Get Data. Hukamata majedwali mengi vizuri, ingawa jedwali lililoendelea kurasa kadhaa huja vipande vipande. Kama PDF ni picha ya karatasi iliyopigwa skana, njia hiyo haitafaa, na kwa jedwali la mikoa michache ni haraka zaidi kuandika kwa mkono na kulinganisha jumla yako na jumla iliyochapishwa.

Mimi ni mfanyabiashara wa mbao, Mafinga. Nilipakua faili la Benki ya Dunia likaja kama ZIP lenye mafaili matatu. Nimefungua moja, nimeandika ndani yake, halikubali kuhifadhi. Pia kijana wangu ananiambia nihifadhi kila kitu kwa XLS kwa sababu kompyuta ya dukani ni ya zamani.

Ulikuwa unaandika ndani ya faili ambalo bado limo kwenye kifurushi. Funga, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ZIP, chagua Extract All, na ufungue kutoka kwenye folda mpya itakayotokea. Kati ya hayo matatu, mawili ambayo majina yake yanaanza na Metadata ni maelezo ya nchi na ya kipimo. Takwimu zenyewe zimo katika lile linaloanza na API, na vichwa vya safu viko chini ya mistari michache ya utangulizi. Ikiwa jina la faili linaishia na .crdownload, bando lilikatika njiani na upakuaji haukukamilika. Kulibadilisha jina hakutasaidia.

Kuhusu XLS, ushauri wa kijana wako unafaa kwa orodha ya duka, haufai kwa takwimu kubwa. Muundo huo wa zamani unaishia mistari 65,536, wakati XLSX, uliokuja na Excel ya 2007, unafika mistari 1,048,576. Mwaka 2020 nchini Uingereza, wagonjwa karibu 16,000 wa UVIKO-19 walichelewa kuingizwa katika hesabu za taifa kwa sababu matokeo ya maabara yaliyokuja kwa CSV yalimiminwa kwenye XLS, na mistari iliyozidi ikaachwa nje. Kwa kompyuta ya zamani ya dukani, weka LibreOffice badala ya kushusha muundo wa faili, kwani inasoma XLSX bila malipo. Na programu yoyote ikikuonya kwamba faili halikupakiwa lote, usihifadhi chochote. Shuka hadi mstari wa mwisho uone namba yake: ukikuta ni 65,536 au 1,048,576 kamili, rudi kwenye tovuti uliyopakua na uchague nchi chache au miaka michache kabla ya kupakua tena.